UBAO WA KUPANDIA MAWIMBI

Leo twasoma habari za ubao wa kupandia mawimbi. Mtu husimama juu yake, wimbi likamchukua mpaka pwani.

Zamani huko Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, mbao hizo zilikuwa nzito, tumbo bapa, mkia mpana. Wimbi likiwa kubwa, mkia uliteleza kando, na mpandaji akatupwa majini. Mwaka 1937 kijana mmoja, John Kelly, alishika shoka akauchonga mkia ukawa mwembamba, na chini yake ukachongoka kama tumbo la mashua. Ubao ukashika maji. Siku hizi pezi lililopigwa chini husaidia kazi hiyo.

Basi, wewe unayechonga wako, tazama kingo. Ukingo wa mviringo hushikwa na maji; ubao hutulia, lakini mbio hupungua. Ukingo mkali huachana na maji upesi, ubao hukimbia. Kwa hiyo wachongaji wengi huacha mviringo mbele na katikati, wakatia ukali nyuma tu. Mimi naona ndivyo ifaavyo kwa anayeanza. Piga randa kidogo kidogo, ukipima pande zote mbili.

Haya, shikeni kalamu. Andikeni: ukingo, tumbo, mkia, randa.