Mtoto Si Mgeni wa Sikukuu

Hotuba iliyotolewa katika ukumbi wa mandir, Tanga



Tumeombwa tuzungumze kwa Kiswahili, nasi tumekubali kwa furaha, kwa kuwa ndiyo lugha inayotuunganisha na majirani zetu walioketi nasi humu. Mada tuliyopewa ni namna ya kuwashirikisha watoto wakati ukoo unapokusanyika kwa Diwali. Yamkini wapo watakaoiona kuwa mada ndogo. Kwetu sisi wa Tanga si ndogo hata kidogo. Bei ya katani ilipoanguka katika miaka ya 1960, familia nyingi zilianza kuhama, na wengine wamefuata baadaye kwa sababu zao. Leo wana wetu wako Dar es Salaam, Leicester na Toronto. Huja na wajukuu kwa siku chache, kisha huondoka. Katika siku hizo chache mjukuu ama ataiona nyumba ya babu yake kuwa ni yake, ama ataiona kuwa mahali alipopelekwa na wazazi wake.

Imekuwa desturi sasa kuwakodishia watoto jumba la kurukia linalojazwa upepo, na mtu wa kuwachekesha. Hatumlaumu anayefanya hivyo; mama mwenye wageni thelathini anahitaji saa mbili za utulivu. Lakini mtoto anayeburudishwa tu ni mgeni. Mwenye nyumba hupewa kazi, na kazi yenyewe iwe ya kweli, ambayo asipoifanya itaonekana haikufanywa.

Tuanze jikoni. Ghughra, zile sambusa tamu zenye umbo la nusu mwezi, zinahitaji vidole vingi vya kukunja ukingo, na vidole vidogo hukunja vizuri kuliko vyetu. Mtoto wa miaka sita aweza kuzungusha mkono wa mashine ya chakri huku ba akipokea unga. Mafuta ya moto yabaki kwa wakubwa. Zile zilizopinda zisifichwe chini ya sinia. Ziwekwe juu, na mgeni aambiwe ni nani aliyezikunja.

Rangoli ya mlangoni nayo iwe yao. Mkubwa achore mistari kwa chaki, wadogo wajaze rangi, hata zikivuka mstari. Kuhusu taa na fataki tunaomba tuwe wakali: nguo za pamba, ndoo ya maji na ndoo ya mchanga karibu, na mtu mzima mmoja ambaye hana kazi nyingine jioni hiyo ila kusimama pale. Kusokota tambi za pamba na kuzilowesha katika samli ni kazi ya watoto mchana kutwa. Kuwasha ni kazi ya watu wawili, mdogo na mkubwa, mkono juu ya mkono.

Lililo karibu zaidi na mioyo yetu sisi wafanyabiashara ni Chopda Pujan, ibada ya vitabu vya hesabu. Hesabu zetu siku hizi zimo katika kompyuta, ilhali kila mwaka bado tunanunua daftari jipya lenye jalada jekundu. Katika nyumba yetu ukurasa wa kwanza haujazwi na mzee, hujazwa na mtoto. Huandika neno Shri mara moja juu kabisa, mara mbili chini yake, mara tatu, hadi mstari wa saba, na mlima mdogo wa maandishi ukatokea. Mtoto wa Toronto asiyejua herufi za Kigujarati hujifunza hiyo moja, na akiiandika mara 28 hatoisahau. Kando yake huandikwa Shubh na Labh, yaani heri na faida. Swali la kwanza wanalouliza huwa ni kwa nini heri imetangulia faida, na hapo mzungumzo huanza ambao hakuna somo la darasani lingeuzaa. Siku ya tano ya mwaka mpya, Labh Pancham, tunapofungua tena maduka, aliyeandika ukurasa ndiye anayekabidhiwa funguo.

Upo pia mchezo usiogharimu hata senti. Watoto waliokulia ng'ambo huwaita watu wazima wote anko na anti, kana kwamba ukoo ni umati. Lugha yetu haina uvivu huo. Ndugu wa kiume wa baba ni kaka, dada wa baba ni foi, dada wa mama ni masi, ndugu wa kiume wa mama ni mama, na babu mzaa baba ni dada. Watoto wanaojua Kiswahili huanguka kwa kicheko: mzee mwenye masharubu anaitwa dada, na mjomba anaitwa mama! Tumieni kicheko hicho. Kila mtoto apewe karatasi, azunguke nyumba nzima, amwendee kila mkubwa na kumuuliza, "Wewe ni nani wangu?" Mkubwa haruhusiwi kujibu kwa neno moja, aeleze njia, kwa nani na kwa nani. Jioni karatasi zikiunganishwa sakafuni, mti wa ukoo umekamilika. Akina ba waulizwe zaidi, kwani baadhi yao walivuka bahari kutoka Bombay kwa meli za Karanja na Kampala, na hayo wanayoyakumbuka hayakuandikwa popote.

Simu? Hatuoni faida ya kupigana nazo kutwa. Wakati wa aarti na wa chakula ziwekwe kando. Saa nyingine kijana apewe kazi ya kurekodi sauti za wazee hao. Ila sheria iwe moja kwa wote, maana wanaojificha varandani kutazama kriketi si watoto.

Asubuhi ya mwaka mpya, watoto wanapopita wakiinama miguuni petu na sisi tukiwapa noti mpya, tusiwapitishe kama foleni ya benki. Kila mzee amtajie mtoto kijiji ambacho ukoo ulitoka, kiwe cha Kutch au cha Saurashtra, kisha ndipo atoe noti na kusema Sal Mubarak.

Diwali i karibu. Kwa hiyo tunaiomba Halmashauri jambo moja: sinia za Annakut mwaka huu zibebwe na watoto kutoka jikoni hadi mbele ya miungu, wakubwa wakisimama pembeni. Zitachelewa kufika, na laddu kadhaa zitaanguka. Akina mama wa jikoni tumeshazungumza nao, wamekubali kutengeneza za ziada. Majina ya watoto yaandikishwe kwa katibu kabla hatujaondoka leo.