Kupiga Deki kwa Mopu za Mikrofaiba
(Maneno tuliyosema katika mkutano wa wafanyakazi wa usafi)



Wengi wetu sasa twapewa mopu za mikrofaiba badala ya zile za pamba. Tusizichukie. Mopu ya pamba iliyojaa maji ni mzigo, na mgongo ni wetu. Hizi ni nyepesi, na nyuzi zake nyembamba za poliesta na nailoni hunasa vumbi, hazilisukumi tu.

Lakini zina masharti. Kwanza tufagie. Kisha tuloweshe kitambaa na kukikamua hata kisidondoke maji. Tupige deki kwa mwendo wa namba 8, tukirudi nyuma kuelekea mlangoni. Kikichafuka tukibadili, tukikirudisha katika ndoo safi twaueneza uchafu chumba hata chumba. Cha chooni kisiingie jikoni: tuvitenge kwa rangi.

Tukivifua tusitie dawa ya klorini wala ya kulainisha nguo, wala tusivichanganye na pamba. Nyuzi zikiharibika hazishiki kitu, na lawama itatuangukia sisi.

Kwa hiyo tudai vitambaa vya kutosha. Kimoja hakitoshi ghorofa nzima. Tena glavu na viatu si hisani ya tajiri. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka awape vifaa vya kujikinga wote wanaofanya kazi ya majimaji au ya dawa za kudhuru. Asiyepewa asinyamaze, amwambie mjumbe wa chama mahali pake pa kazi.