Shilingi Elfu Ishirini kwa Jumamosi

Ndugu zangu tuliosoma hapa, nanyi vijana mliokaa nyuma mkisubiri pilau:

Nimetakiwa niseme machache juu ya maisha baada ya shule. Wenzangu waliotangulia wamesema juu ya vyeo na shahada, nao wamesema vizuri. Mimi nitasema juu ya kula.

Nilipomaliza Mlimani niliapa kutorudi huku. Mwaka 2016 barua ya uhamisho ikanirudisha Nachingwea, pamoja na mke wangu, mwalimu mzaliwa wa Njombe, ambaye hakuwa amewahi kuuona mkorosho. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa migumu. Joto lilimshinda. Nami kila jioni nilikaa barazani nikiulaumu mji huu mbele yake, kana kwamba yeye ndiye aliyeujenga. Siku moja nikakuta begi lake limefungwa, limesimama kando ya mlango. Hakulia wala hakugomba. Alisema tu, "Baba watoto, wewe mwenyewe kwenu hupapendi. Mimi nitapapendaje?"

Sikuwa na jibu. Nikamwomba anipe Jumamosi moja kabla hajapanda basi.

Tukapanda pikipiki kwenda Ruangwa. Mfukoni nilikuwa na shilingi elfu ishirini, petroli ikiwa humo humo, maana makato ya mkopo hayakuacha zaidi. Tulifika wekundu kwa vumbi, tukaketi kwa mama lishe mmoja nyuma ya soko. Akatuletea ugali na mbaazi za nazi, na pembeni sahani ya ming'oko iliyochemshwa kwa chumvi, na pilipili yake. Nikaisogeza mbali. Ninyi wa rika langu mnakumbuka tulivyomcheka bwenini kila aliyerudi likizo na ming'oko begini. Tuliita chakula cha porini. Mke wangu akaivuta sahani, akala, akaagiza ya pili. Kisha akaniuliza: "Hiki ndicho ulichokuwa unanificha?" Nawaambieni kweli, niliona haya kuliko siku niliyochapwa mbele ya gwaride.

Begi halikufunguliwa siku ile. Lilikaa mlangoni majuma mengine mawili, nami sikuthubutu kuliuliza. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza kuvaa koti.

Tangu hapo tukajiwekea kanuni: fedha ni elfu ishirini, na anayechagua njia hachagui chakula. Tumejifunza mengi. Chipsi ni zile zile toka Mtwara hadi Mwanza, msipoteze petroli kuzifuata. Msimu wa korosho ukianza, Oktoba, tazama makuli wa maghala na madereva wa malori wanakula wapi, kaa hapo. Namungo ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2019, tuligundua kwamba Simba au Yanga wakija Ruangwa ni lazima ule kabla ya saa sita, la sivyo utaambulia mchuzi. Hoteli moja, ambayo sitaitaja, ilitupa samaki aliyetulaza siku mbili. Lami ya Nanganga wakati ule haikuwapo; mvua ikitukuta tulilala tulipofikia, na usiku mmoja mama muuza korosho alitupa mkeka na chai, akakataa hata shilingi.

Petroli ilipokosekana tulitembea Nachingwea penyewe. Kwenye kibanda kimoja cha chai mzee mmoja alitueleza habari za reli. Waingereza waliijenga kutoka Mtwara kwa ajili ya mpango wao wa karanga ulioanza 1947. Mpango wakauacha 1951, karanga hazikuonekana, na reli nayo haikudumu. Mzee yule yule akataja Farm 17, walipofundishwa wapiganaji wa FRELIMO chini ya Samora Machel, na akasema kuwa ni kutoka hapa Nachingwea Samora alipoondoka mwezi Mei 1975 kwenda Maputo kupokea uhuru. Mke wangu aliweka kikombe chini. Amefundisha Historia miaka mingi, na Msumbiji imo katika masomo yake. "Na wewe ulisoma hapa hapa," akaniambia. Nilisoma hapa hapa, Ndugu Mkuu wa Shule, na nilikuwa nikiona hapana kitu.

Fomu ya kuomba uhamisho niliyoijaza mwaka ule ilibaki kwenye droo ya ofisini. Mwaka 2019 niliombwa niijaze upya, maana imepitwa na wakati. Nilimwonyesha mke wangu. Akasoma, akauliza kama huko ninakotaka kwenda kuna mbaazi.

Siku hizi petroli imepanda, tumeongeza bajeti mpaka elfu thelathini. Jumamosi ijayo ni zamu yangu kuchagua njia, nami nimechagua Mbekenyera, ambako hatujawahi kula. Mwenye pikipiki na atukute stendi saa moja asubuhi. Chakula atachagua mke wangu.

Naona wapishi wananitazama.