MAFUTA YALIYOGANDA JIKONI NAYO NI ADUI

(Mazungumzo ya Katibu mbele ya darasa la kisomo na wanachama wa Ushirika, Hamugembe. Tumeyaandika hapa ukutani kwa ajili ya waliokosa kufika.)



Tunaanza na jambo la aibu. Jikoni kwetu moto umewaka mahali usipotakiwa. Mnajua wote: binti yetu mmoja alikuwa anakaanga sangara, mafuta yakamwagika kidogo, na juu ya jiko palikuwa na utando wa mafuta ya miezi mingi. Moto ukatambaa pale mpaka kwenye karai. Yeye akamwagia maji. Ah, moto ukaruka juu, ukamuunguza mkono. Anaendelea vizuri, lakini kovu litabaki.

Tangu hapo maneno yanapita: "Wapishi wachafu." Ndugu, hapana. Sisi wa kamati ndio tuliofuta fungu la sabuni, tukasema sabuni ni anasa. Na ni sisi ambao hatukumfundisha mtu yeyote afanye nini mafuta yakishika moto. Tumekosa, tunakiri hadharani. Fungu hilo limekwisha rudishwa. Lakini pesa bila elimu haisafishi jiko.

Wazee mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu walikaa vikundi, wakasikiliza redio, wakajadili, halafu wakaenda kuchimba vyoo. Kusikiliza, kujadili, kutenda. Na sisi tufanye hivyo hivyo.

KWA NINI MAFUTA YANAGANDA?
Tone la mafuta likianguka leo, kitambaa cha maji ya moto na sabuni kinalitoa. Likiachwa, kesho linapikwa tena, keshokutwa tena. Joto na hewa vinaligeuza, linakuwa gumu na la kunata kama rangi iliyopakwa juu ya bati. Hapo maji matupu hayaliwezi. Vumbi na masizi vinashika juu yake, mende wanapata chakula. Msimu wa senene ndio mbaya zaidi, maana senene wana mafuta yao wenyewe, na karai inarusha matone kutwa nzima.

DAWA TUNAYO NYUMBANI
Bibi zetu walisugua vyungu kwa majivu. Sio ujinga ule. Maji ya majivu yakikutana na mafuta, yanayageuza sehemu yake kuwa sabuni. Majivu ya maganda ya ndizi yaliyokauka ni makali zaidi, na maganda hapa kwetu hayanunuliwi.

Chekecha vikombe viwili vya majivu, tia katika lita 2 za maji ya moto, acha usiku kucha, asubuhi chuja kwa kitambaa. Angalieni: maji hayo yanawasha ngozi na ni hatari kwa macho. Vaeni glavu, au mfungie mfuko wa plastiki mkononi. Watoto wakae mbali.

HATUA ZA KUSAFISHA JIKO LA GESI
1. Zima jiko, funga mtungi, ngoja lipoe libaki vuguvugu tu.
2. Toa vyuma vya kuwekea sufuria, loweka katika maji ya majivu kwa muda wa nusu saa.
3. Vichwa vya moto usiviloweke humo. Vingi ni vya alumini, na maji ya majivu yanaila alumini na kuitia weusi. Hivyo vioshwe kwa maji ya moto na sabuni. Vitundu vilivyoziba vizibuliwe kwa sindano.
4. Juu ya jiko, changanya majivu laini na sabuni iwe kama uji mzito. Paka, funika kwa kitambaa kibichi, ngoja dakika 20. Kama juu ni alumini au kioo, tumia sabuni na maji ya moto peke yake.
5. Kwangua kwa kipande cha mwanzi, sio kisu. Sugua kwa dodoki. Pakikataa, paka tena. Usitumie nguvu mahali panapotaka subira.
6. Suuza, kausha kabisa, rudisha kila kitu. Paka povu la sabuni kwenye mpira wa gesi na maungio yake, halafu fungua mtungi. Likitoa mapovu, gesi inavuja: funga, usiwashe.
7. Ukiwasha, moto uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na unatia masizi, bado kuna vitundu vimeziba, na moto huo unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu.

Wengine wanachanganya limau na majivu wakidhani nguvu itaongezeka. Inapungua, maana vitu hivyo viwili vinauana. Na mtu asithubutu kusafisha jiko kwa mafuta ya taa au petroli. Huko ni kuita moto mwingine.

MAFUTA YAKISHIKA MOTO
Usimwage maji! Maji yanazama chini ya mafuta. Mafuta ya kukaangia yana joto linalopita sana lile la maji yanayochemka, kwa hiyo maji yanageuka mvuke mara moja na kuyarusha mafuta juu na moto wake. Funga gesi kama unaifikia. Funika karai kwa mfuniko wa bati, uache mpaka ipoe. Usiibebe karai kukimbilia nje. Aliyeungua atiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, apelekwe zahanati. Sio asali, sio dawa ya meno.

KAZI YETU
Kila jioni, kabla ya kufunga, jiko lifutwe. Kila Jumamosi lioshwe kwa hatua tulizosema. Zamu imebandikwa mlangoni, na majina ya wanaume yamo, kuanzia sisi wa kamati. Tunakula wote samaki wale, tusugue wote.

Na yule binti akirudi kazini, asiwepo wa kumnyooshea kidole. Tumpokee kwa pole, na tumwonyeshe jiko lililo safi.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI
1. Kwa nini maji hayazimi moto wa mafuta?
2. Jikoni kwako mafuta yameganda wapi?
3. Nyumbani kwako, nani anasugua, na nani anakula tu?

Jumamosi saa 2 asubuhi, kila mtu na dodoki lake.