Poda za Misuli kwa Asiyekula Nyama: Hesabu Kwanza, Mkebe Baadaye

(Mazungumzo kwa vijana wa kumbi za mazoezi na vilabu vya riadha)



Vijana walioacha nyama, samaki, mayai na maziwa huuliza swali moja: je, misuli itajengeka bila poda? Itajengeka. Lakini hesabu ifanywe mapema, kabla pesa za kodi ya nyumba hazijaishia dukani.

Mtu mzima wa kawaida anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anayenyanyua vyuma kwa bidii anahitaji zaidi, na gramu 1.6 kwa kilo huwatosha wengi. Kijana wa kilo 70, basi, atafute gramu 112 hivi. Kikombe cha mbaazi zilizopikwa kina gramu 11. Vikombe viwili vya maharagwe mchana, 30. Vikombe viwili vya ndengu jioni, 28. Aongeze gramu 60 za njugu karanga, 14, na gramu 50 za soya iliyokaangwa, 18. Hapo amefika 101, na ugali au chapati zitaziba pengo. Ni chakula kingi, na tumbo litalalamika siku za mwanzo. Maharagwe yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe. Githeri nayo isidharauliwe: mahindi yana upungufu wa laisini, na maharagwe yanayo kwa wingi.

Poda basi ni ya nani? Ni ya yule anayetoka kazini usiku, akaenda mazoezini, na hana nafasi ya kubandika sufuria. Huyo achague ya soya, au ya njegere iliyochanganywa na mchele. Asiangalie picha ya jani iliyo mbele ya mkebe, augeuze. Akiona "whey" au "casein", hayo ni maziwa. "Collagen" na "gelatin" hutoka kwa wanyama, na vidonge vingi vya ganda laini vimetengenezwa kwa gelatin hiyo. Kipimo kimoja kikitoa gramu 20 hadi 25 za protini, kinatosha. Mkebe unaotaja "mchanganyiko maalum" bila kusema kila kitu kimo kwa kiasi gani, urudishwe kwenye rafu.

Kriatini ni habari nyingine. Mwilini hupatikana zaidi kwa walaji nyama na samaki, kwa hivyo asiyekula huwa na akiba ndogo kwenye misuli. Ile ya kriatini monohidrati hutengenezwa kiwandani bila mnyama, na gramu 3 hadi 5 kwa siku zinatosha. Za bei ghali zaidi hazijaonyesha ubora wowote wa maana. Mwenye ugonjwa wa figo amwone daktari kwanza. Na yeyote anayeitumia amwambie daktari kabla ya kupimwa figo, maana inaweza kupandisha kipimo cha kreatinini kwenye damu.

Nyongeza ambayo asiyekula chochote cha mnyama hawezi kuikwepa haina hata umaarufu kwenye jimu: vitamini B12. Mimea haina ya kutegemewa. Upungufu wake huja polepole, ukaleta uchovu na ganzi ya miguu, na mtu akadhani ni mazoezi makali. Chai nayo inyweke mbali na mlo, kwa sababu hupunguza madini ya chuma yanayofyonzwa.

Sasa wanariadha. Sheria ya Kupambana na Dawa za Kusisimua Misuli ya mwaka 2016 ndiyo iliyounda shirika la ADAK, na kanuni ya kimataifa haina mzaha: kilicho mwilini mwa mwanariadha ni jukumu lake, hata kama hakujua. Poda inaweza kuchafuliwa kiwandani na dawa isiyoandikwa kwenye lebo. Adhabu inaweza kufika miaka 4. Akithibitisha kwamba chanzo ni mkebe, adhabu huweza kupunguzwa, lakini ushindi wa siku ile huenda umeshafutwa. Zipo poda zilizopimwa na kutiwa alama ya Informed Sport au NSF Certified for Sport. Alama hiyo hupunguza hatari, haiiondoi.

Anayeshindana asinunue poda ya kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni. Anunue mkebe uliofungwa, ahifadhi risiti na namba ya toleo, na abakishe vijiko kadhaa vya poda hiyo hata baada ya kufungua mkebe mpya.