Ujuzi Wetu Ndio Mtaji Wetu
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi wa Baba Dogo, Nairobi)



Tusemezane juu ya jambo linalogusa kila nyumba katika mtaa huu. Kila alfajiri, kabla jua halijachomoza, vijana wetu husimama mbele ya malango ya viwanda vilivyopangana kando ya Barabara ya Baba Dogo. Msimamizi hutoka, huwatazama mikono na mabega, huchagua wachache, na waliosalia hurudi nyumbani mikono mitupu. Miongoni mwa hao wanaorudi, sisi tunawajua wenye vyeti vya ufundi, na hata wenye shahada za vyuo vikuu. Basi twajiuliza: ikiwa nchi inamsomesha kijana kwa miaka mingi, na kiwanda kiko hatua chache kutoka mlangoni pake, mbona anahesabiwa kwa mabega na si kwa alichokisomea?

Kwa miaka mingi wakuu wetu wametuambia kwamba mwekezaji huvutwa na kodi nafuu. Mnamo mwaka 1990 Bunge lilipitisha sheria ya maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuza nje, yaani EPZ, nayo ikawasamehe wenye viwanda hivyo kodi ya mapato kwa miaka 10. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000, iitwayo AGOA, ilipofungua soko la nguo bila ushuru, viwanda vya kushona viliongezeka upesi. Maelfu ya Wakenya, wengi wao wanawake, walipata kazi. Hatulidharau jambo hilo. Mgala muue na haki yake mpe. Lakini mipaka ya kimataifa iliyowekewa biashara ya nguo ilipoondolewa Januari 2005, na nguo za Asia zikamwagika sokoni, baadhi ya viwanda vilifunga milango na cherehani zikanyamaza. Hapo ndipo tulipojifunza kwamba anayekuja kwa sababu ya msamaha wa kodi hana la kumzuia siku msamaha utakapopatikana kwa jirani.

Wako waliokuja kwa sababu nyingine. Mwaka 2012 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba itaweka maabara yake ya utafiti katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki, hapa Nairobi. Mwaka 2019 Microsoft ilifungua kituo cha wahandisi wake katika jiji hili. Hawa hawakuvutwa na ardhi ya bure wala vibarua wa bei ya chini. Walifuata vichwa vilivyofundishwa. Huko Ireland, serikali ilifanya elimu ya sekondari kuwa bila malipo mwaka 1967, kisha ikajenga vyuo vya ufundi katika majimbo kuanzia mwaka 1970. Na kampuni ya Intel ilipotangaza mwaka 1989 kwamba itajenga kiwanda chake Leixlip, iliwakuta mafundi na wahandisi wakiwa tayari. Ni kweli kwamba kodi ya chini nayo ilikuwa chambo. Lakini kodi bila mafundi haiendeshi mtambo hata mmoja.

Ndugu wananchi, tusidhani kwamba mifano iko ng'ambo tu. Chuo cha Utalii kiko karibu nasi, kando ya Barabara ya Thika. Kilifunguliwa mwaka 1975 kwa ushirikiano na Uswisi. Wenye hoteli na mikahawa walitozwa ushuru wa asilimia 2, na fedha hizo zikasaidia kuwafundisha wapishi, wahudumu na mameneja. Wageni waliozuru pwani yetu na mbuga zetu walihudumiwa na Wakenya waliofuzu, na wahitimu wa chuo hicho wakatafutwa hata nje ya nchi. Biashara ilichangia, chuo kikafundisha, na biashara ikavuna. Swali letu ni hili: lililowezekana kwa hoteli, kwa nini lisiwezekane kwa viwanda vya Baba Dogo?

Katika barabara hiyo hiyo ya Thika tuna Chuo Kikuu cha Kenyatta na, mbele zaidi huko Juja, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Hata Chuo Kikuu cha Nairobi asili yake ni chuo cha ufundi, kilichofungua milango mwaka 1956. Hazina hii ni kubwa. Lakini ni lazima tukumbuke jinsi ilivyotendewa wakati wa utawala wa chama kimoja. Mwaka 1982, Katiba ilipobadilishwa ili KANU kiwe chama pekee, walimu wa vyuo vikuu kama Willy Mutunga na Al-Amin Mazrui waliwekwa kizuizini bila kushtakiwa. Maina wa Kinyatti akafungwa. Ngũgĩ wa Thiong'o akabaki uhamishoni. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo, chuo kikuu kilifungwa kwa muda mrefu. Wasomi wengi walikwenda kufundisha watoto wa mataifa mengine. Nani anayeweza kupima hasara ya fundi ambaye hakufundishwa kwa sababu mwalimu wake alikuwa gerezani? Ndiyo maana sisi husema kwamba uhuru wa mawazo si anasa ya watu wa darasani. Taifa linaloogopa maswali ya wanafunzi wake haliwezi kutengeneza kitu kipya.

Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, vyama vingi vikarudi, na tukapata Katiba mpya mwaka 2010. Vyuo vikuu viliongezeka, na twashukuru. Hata hivyo, kosa jingine likafanyika. Kenya Polytechnic, iliyokuwa ikitoa mafundi tangu mwaka 1961, ilifanywa chuo kikuu kishiriki mwaka 2007, kisha chuo kikuu kamili mwaka 2013. Ile ya Mombasa ikapita njia hiyo hiyo. Shahada zikawa ndizo heshima, na fundi wa mitambo akaonekana kuwa mtu aliyeshindwa na masomo. Matokeo yake tunayaona: kiwanda kinalia kwamba hakipati fundi, na mhitimu analia kwamba hapati kazi, nao wametenganishwa na ukuta mmoja tu.

Njia ya kuubomoa ukuta huo ipo. Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret, mwaka 2007, baada ya kiwanda hicho kuanguka, ili wanafunzi wajifunze mahali ambapo uzi unasokotwa na kitambaa kinafumwa kweli. Ujerumani nako, kijana hugawa juma lake kati ya kiwanda na shule ya ufundi, na mwajiri humlipa posho wakati anapojifunza.

Lakini mwajiri hamfundishi mtu ambaye amepanga kumwacha mwisho wa mwezi. Hapa ndipo jambo letu la vyuo linapokutana na haki ya mfanyakazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema kwamba kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa mwezi mmoja au zaidi ahesabiwe kuwa mwajiriwa wa mkataba. Wako wanaoikwepa kwa kuwaachisha watu kazi kabla siku hazijatimia, kisha kuwaita tena. Ujanja huo humwibia mfanyakazi likizo yake, na humwibia mwenye kiwanda mwenyewe fundi ambaye angekomaa mikononi mwake.

Kwa hiyo, ndugu zetu, tunayodai ni haya.

Kwanza, Katiba imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya mitaani na vijijini. Kaunti ya Nairobi ituonyeshe mpango wa vijana wa pande hizi: nafasi ngapi, ufundi gani, na mitambo ipi watakayojifunzia.

Pili, waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi ili zigharimie mafunzo ya viwandani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari. Twataka kujua ni wafanyakazi wangapi wa viwanda vya Baba Dogo waliofaidika na fedha hizo.

Tatu, kila kiwanda kinachopewa msamaha wa kodi kipokee wanagenzi, na idadi yao iandikwe katika masharti ya msamaha huo. Kifungu cha 55 kinaitaka serikali iwahakikishie vijana mafunzo na ajira. Msamaha wa kodi ni fedha za umma, nao uwe na malipo kwa umma.

Nne, mafundi wa jua kali, wale wanaochomelea vyuma na kushona nguo bila kuwa na cheti, wasaidiwe kufanya mtihani wa ufundi wa serikali. Ujuzi wanao tayari; kinachokosekana ni karatasi ya kuushuhudia.

Nasi wenyewe tuna wajibu. Mzazi asimwonee haya mwanawe anayechagua ufundi. Kijana naye asiitupe nafasi kwa kuwa haina tai. Mchagua jembe si mkulima. Na mgombea atakapokuja kuomba kura akiwa na unga na fulana, tumwulize maswali haya manne, tena tuyaandike majibu yake.

Tulipigania vyama vingi ili mwananchi awe na sauti. Sauti hiyo haina maana ikiwa inasikika siku ya kura pekee, halafu asubuhi inayofuata mwenye sauti anarudi langoni kuhesabiwa mabega. Tunataka siku ije ambapo mfanyabiashara atauliza, "Mafundi hodari nitawapata wapi?" naye ajibiwe, "Nenda Baba Dogo."