Taa ya Injini Ikirudi, Usikimbilie Kung'oa Masega

Msikilizaji, kwenye dashibodi ya gari lako kuna taa ya njano yenye mchoro wa injini. Wenye magari ya miaka mingi wameizoea hata hawaioni tena. Inawaka, gari linapelekwa gereji, fundi anachomeka mashine chini ya usukani, inatokea namba P0420. Anaifuta, taa inazimika, na kabla wiki haijaisha imewaka upya. Hapo mwenye gari anaambiwa masega yamekufa, yatolewe tu, gari lipumue. Mimi napinga ushauri huo.

Namba hiyo haisemi kuwa masega yamekufa. Masega, yaani kisafisha moshi kilichofungwa kwenye bomba la ekzosi, yana sensa ya oksijeni mbele yake na nyingine nyuma yake. Injini ikishapata moto, sensa ya mbele ya aina ya kawaida hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 hivi. Ya nyuma inatakiwa itulie, kwa sababu masega mazima hutunza oksijeni na kuitoa inapopungua. Ya nyuma ikianza kurukaruka kama ya mbele, kompyuta inaandika P0420. Imeona mfanano huo, lakini chanzo chake haikijui. Kukitafuta ni kazi ya fundi.

Huenda ekzosi imetoboka karibu na sensa, na hewa ya nje inaingia. Fundi makini hukagua asubuhi, gari likiwa la baridi, maana uvujaji husikika vizuri kabla chuma hakijapata moto na kutanuka. Huangalia pia masizi kwenye maungio ya bomba. Huenda sensa yenyewe imechoka, au waya wake umeungua.

Na hata kama masega yameisha kweli, uliza kilichoyaua. Plagi au koili mbovu hupitisha petroli ambayo haijaungua. Petroli hiyo huenda kuungulia ndani ya masega, na joto lake laweza kuyeyusha kauri yake. Injini inayokula oili hupaka uchafu juu ya platinamu, paladiamu na rodiamu, madini yanayofanya kazi ya kusafisha. Ukifunga masega mapya juu ya injini ya namna hiyo, umeyapeleka kwenye kifo kilekile, na fedha yako imekwenda nayo.

Kufuta namba hakuponyi kitu. Kunafuta pia matokeo ya majaribio ambayo kompyuta inajifanyia yenyewe, kwa hiyo inaanza upya. Kwa kawaida P0420 huwasha taa baada ya jaribio kushindwa katika safari mbili. Zile siku za taa kuzimika ni za kusubiri majaribio hayo yakamilike.

Gari lililotolewa masega linamwaga monoksidi ya kaboni na petroli mbichi usoni mwa dereva wa bodaboda aliye nyuma yako, na mwa mama anayeuza ndizi kituoni tangu alfajiri. Hili linaniuma. Zamani tungeweza kusema mafuta yetu ndiyo yanayoua masega, kwa kuwa petroli yenye risasi huyaharibu. Lakini mwaka 2001 nchi za kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuiondoa, na kufikia mwanzo wa 2006 ilikuwa imeondolewa. Kisingizio hicho hatuna tena.

Kwa hiyo ukifika gereji, mwombe fundi asifute chochote kwanza. Asome kumbukumbu ya hali ya gari wakati namba ilipoandikwa: mwendo, joto la injini, mchanganyiko wa mafuta na hewa. Akague bomba, halafu plagi, halafu sensa, ndipo afike kwenye masega. Na ikibidi kuyabadilisha, dai yale ya zamani uondoke nayo. Madini yale bado yamo ndani, na yana wanunuzi.